Andazi la Taifa

Nchi yetu sitaitaja jina. Wanaotudai wanaijua vizuri sana, na asiyetudai haimhusu. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ina bendera ya rangi saba, ina mawaziri sitini na wawili, na ina bei moja.

Naona tayari mtu anaguna. Nchi nzima bei moja, inawezekanaje? Tulia, ndugu yangu, nikueleze, maana mimi si mtu wa kuokota maneno barazani. Jina langu ni Hamduni Mkeyenge, karani daraja la nne katika Idara ya Utulivu wa Bei, mwaka wa kumi na tisa kazini. Nina muhuri wangu. Wino wa muhuri najinunulia, lakini muhuri ni wangu.

Ilianza hivi. Tulipopata uhuru, Idara ilimpa mkuu wake wa kwanza baiskeli, ikamwamuru azunguke masoko mia sita akaandike bei za vitu vyote. Baiskeli haikuwa na matairi. Yule bwana, mzalendo kwelikweli, hakukata tamaa. Alivuka barabara, akaketi kwenye kibanda cha maandazi kilichotazamana na geti la Idara, akala matatu, akauliza bei, kisha akainakili mara mia sita. Ripoti yake ilisifiwa kwa usafi, kwa kuwa hakuna soko lililopishana na jingine hata kwa senti. Mwaka uliofuata akafanya vilevile, na alipostaafu utaratibu ukawa sheria. Tangu hapo andazi la kibanda kile ndilo Andazi la Taifa. Kwa bei yake tunajua gharama ya maisha, tunapanga mishahara na pensheni, na wadai wetu wanajua kama sisi ni watu wa kuaminika au wahuni.

Kibanda kilikuwa cha mama mmoja, sasa marehemu. Aliyekirithi ni bintiye, Bi Siwatu, mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, asiyependa mzaha kabla ya saa nne. Alirithi karai, meza, mabenchi mawili na sheria. Sheria inasema mwenye kibanda hiki atakaanga maandazi mia mbili kila siku ya kazi, hatafunga bila kibali cha Waziri, na akipandisha bei nje ya utaratibu ni kosa la kuhujumu takwimu, kifungo miaka saba. Basi kila asubuhi saa mbili nilikuwa navuka barabara na fomu yangu, nakala tatu, nimwulize bei gani leo, naye ajibu mia. Shilingi mia. Nikaandika, nikapiga muhuri, nikala.

*

Sasa deni. Watu wenye roho mbaya husema serikali yetu ilikopa ovyo. Si kweli hata kidogo, ilikopa kwa mpango. Tulikopa tukajenga uwanja wa ndege wenye njia tatu za kurukia, na ndege ikachorwa ukutani ili wananchi waanze kuizoea. Tulikopa tukajenga daraja refu kuliko yote katika ukanda huu. Mto utaletwa awamu ya pili. Kisha tukakopa kulipa riba ya mikopo hiyo, tukakopa tena kulipa posho za kamati iliyokuwa inatafuta mahali pa kukopa. Leo mtoto akizaliwa hospitali ya serikali, muuguzi humwandikia kwenye kadi uzito wake, chanjo zake na fungu lake la deni.

Yote haya yanasimamiwa na Mheshimiwa Dokta Yahoza Chakupewa, Waziri wa Fedha, Deni na Heshima ya Taifa. Akitembea huwa na magari tisa, na la nane hubeba hotuba. Siku alipotangaza bungeni kwamba deni limefika kiwango ambacho halijawahi kufika, wabunge walisimama wakashangilia, wakidhani anasoma taarifa ya mavuno. Mheshimiwa hakuwasahihisha. Alisubiri makofi yaishe, akanywa maji, akaendelea.

Wadai walitupa sharti moja tu, kwamba bei isipande zaidi ya asilimia tano kwa mwaka. Ikipanda, mkopo mpya hautoki, na mkopo mpya usipotoka hatuna cha kulipia wa zamani. Asilimia tano ya mia ni shilingi tano. Kwa bahati mbaya sarafu ya shilingi tano serikali ilikwisha kuifuta, kwa kuwa kuitengeneza kuligharimu shilingi nane, na hizo nane tulikuwa tunazikopa. Kwa hiyo Bi Siwatu alikuwa na ruhusa ya kupandisha bei, ila sarafu ya kupandishia haikuwepo. Ikabaki mia.

Unga haukubaki. Kilo moja ilitoka mia tisa ikafika elfu mbili na mia nne, maana serikali, ili ilipe deni, iliweka ushuru kwenye unga, kwenye gunia la unga, na kwenye vumbi linalobaki gunia likishakung'utwa. Mafuta ya kupikia yakafuata, sukari ikafuata, mkaa nao haukutaka kuachwa. Mtaa wa nyuma, ambako sheria ya takwimu haifiki, andazi moja lilikuwa linauzwa mia tatu na watu wananunua huku wanalaani. Mambo hayo Idara haikuyajua rasmi, kwa sababu fomu haina mahali pa kuyaandika.

Mji mzima ukahamia kwa Bi Siwatu. Kulipokucha unakuta foleni imepita geti la Idara, imezunguka ukuta, na ndani yake wamo walimu, askari, mafundi na hata madereva wa mawaziri wenye vikapu vikubwa. Saa tatu maandazi yamekwisha na hasara ya siku imeshapatikana. Alizipiga hesabu kwa mkaa juu ya ubao wa meza, akanionyesha: kila andazi linamgharimu mia na sitini na yeye analiuza mia, mara mia mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Nilimwambia hesabu ni nzuri, hati safi, lakini si rasmi.

*

Bi Siwatu aliuza cherehani kwanza. Baadaye mbuzi wawili. Kisha akahama vyumba viwili akaingia kimoja. Akamwandikia Waziri barua ya heshima, akiomba ama apandishe bei, ama aruhusiwe kufunga kibanda aende kwa dada yake mpakani wakalime bamia. Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Lilisema ombi lake limepokelewa, na ada ya kupokelewa ni shilingi elfu mbili.

Hapo akaanza kulipunguza andazi. Zamani lilikuwa linajaza kiganja. Likawa la vidole vitatu, likawa la viwili, mwishowe wateja wakawa wanaomba wafungiwe kwenye karatasi lisije likadondoka wakalikosa. Magazeti yakaandika kwa woga kwamba andazi "limejipanga upya". Mheshimiwa Chakupewa akaona upotoshaji umezidi, akaita waandishi wa habari. Andazi lenyewe aliletewa kwenye sinia, maafisa wawili wakilibeba, mmoja huku na mmoja huku.

"Ukubwa ni suala la mtazamo," alisema. "Mwananchi anayeona andazi ni dogo, analishika mbali. Alisogeze jichoni. Mimi nimelisogeza hapa, na nawahakikishia sioni kitu kingine chochote."

Tulipiga makofi. Kesho yake ikaundwa kamati ya kufundisha wananchi kusogeza vitu jichoni, yenye mwenyekiti, makamu na magari matatu, na pesa za kuiendesha zikakopwa.

Siku moja, kama wiki mbili baada ya hapo, nilivuka na fomu yangu kama kawaida. Bi Siwatu aliniacha niketi, akafuta mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti ya chini:

"Hamduni, leo andika mia na themanini. Sikuombi hela, nakuomba uandike ilivyo. Wakiiona kwenye karatasi yako watanipandishia bei au wataniacha niondoke. Nimebakiwa na kitanda tu."

Naomba nieleweke. Kalamu ilikuwa mkononi, na mtu huyu namjua miaka kumi na tisa. Nilikuwa naona ndala zake zilivyoshonwa kwa waya. Lakini niliwaza watoto wangu wanne, nikaliwaza daraja langu la nne, ambalo baada ya miaka mitano, Mungu akipenda, lingekuwa la tatu. Nikamwambia kwamba karani haandiki ilivyo, anaandika alivyojibiwa, na yeye akijibu mia na themanini itanibidi nimwite askari kabla sijafungua kalamu. Akanitazama mpaka nikaangalia pembeni.

"Mia," akasema.

Nikaandika mia. Niliona haya sana, nikala la pili.

Nilipokuwa natafuna aliniuliza kama Idara ina nakala ya sheria yake, ile nzima, na kama leseni ya kibanda nayo ina masharti yaliyoandikwa mahali. Nikamwambia vyote vipo, masharti ya leseni yako nyuma ya leseni yenyewe, kwa herufi ndogo ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu amewahi kuzisoma. Nikamletea nakala ya sheria mchana uleule. Nilidhani ameanza kuipenda serikali.

*

Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba wadai wanakuja kuliona andazi kwa macho yao. Jamani, mji ulichangamka. Vibao vyote vya bei vikafunikwa bendera, na wenye maduka wakapelekwa semina ya kutabasamu huko nje ya mji, siku tatu, chakula wajitegemee. Kibanda cha Bi Siwatu kikapakwa rangi mbele. Nyuma hakikupakwa kwa sababu wageni hawangepita nyuma. Ikaja na amri kwamba siku hiyo andazi lirudi kwenye ukubwa wake wa mwaka wa uhuru, na yawe mia mbili kamili.

Bi Siwatu aliuliza unga wa kukaanga hayo yote utatoka wapi. Wizara ikamjibu kwa ukarimu mkubwa. Ilimletea hati ya pongezi na doti moja ya kanga yenye picha ya Mheshimiwa Waziri. Kwa hiyo akauza kitanda.

Siku ikafika. Magari yalikuwa mengi hata barabara haikuonekana. Mheshimiwa Chakupewa alitangulia na hotuba yake, akasema uchumi wetu ni imara kama mwamba, na mwamba hautikisiki wala hauendi popote. Kiongozi wa wadai alikuwa bibi mmoja mwembamba mwenye kikokotoo kilichofungwa kamba shingoni, na watu wake wanane nyuma yake. Mimi nilisimama ubavuni mwa meza na fomu yangu. Maandazi yalikuwa yamepangwa kwenye sinia tatu, manene, ya hudhurungi, yananukia hiliki mpaka askari wa ulinzi wakawa wanameza mate. Watu wa foleni walikuwa wamezuiwa ng'ambo na kamba.

Yule bibi akauliza bei, mkalimani akalitafsiri swali. Waziri akatabasamu. Nikashusha kalamu kwenye karatasi kabla hajajibiwa.

"Bure," akasema Bi Siwatu.

Waziri akacheka kidogo, akamwinamia sikioni, akamnong'oneza aseme mia. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu.

"Ya mia inanimaliza, Mheshimiwa, na ya zaidi ya mia mtanifunga," Bi Siwatu akamjibu, wala hakunong'ona. "Ya bure hamkuikataza. Nimeisoma sheria yote. Huu ndio unga wa mwisho nilio nao, na nimeuza kitanda kuupata. Kuleni."

Mkalimani aliyaona maneno ni mengi na posho yake ni ndogo, akatafsiri lile neno la kwanza tu, bure. Nami nilikuwa napekua sheria akilini mwangu kwa hofu, lakini alikuwa sahihi. Inakataza kupandisha bei. Kushusha haikutajwa popote, kwa kuwa walioiandika hawakuwahi kukutana na jambo hilo.

Yule bibi akabonyeza kikokotoo chake. Akabonyeza tena. Akawaonyesha wenzake. Kutoka mia hadi sifuri, bei ya nchi nzima ilikuwa imeshuka kwa asilimia mia moja, na katika nchi zote anazozidai, alisema, hajawahi kuona nidhamu ya namna hiyo. Akala maandazi manne. Wenzake wakala, mawaziri wakala kwa mikono miwili, Waziri wa Afya akajaza mfuko wa koti. Mheshimiwa Chakupewa alitokwa na machozi. Akapanda juu ya benchi la Bi Siwatu akasema nchi nyingine zinahangaika na kupanda kwa bei, lakini sisi tumeimaliza bei yenyewe. Mkopo mpya ukasainiwa palepale juu ya meza, mara mbili ya tulioomba, na karatasi za mkataba zikapata mafuta kidogo. Watu wa ng'ambo ya kamba hawakupata hata moja.

Bi Siwatu alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, anawatazama wanavyokula. Sikuona hasira usoni mwake, wala furaha. Alikuwa kama mtu anayesubiri mvua ipite atoke.

*

Baraza la Mawaziri lilikaa jioni ileile. Kwa kuwa gharama ya maisha sasa ni sifuri, likaamua, mishahara ya watumishi wa serikali nayo ni matumizi mabaya ya fedha za umma. Ikasimamishwa mara moja, pamoja na pensheni, na fedha hizo zikaelekezwa kwenye riba ya mkopo mpya. Posho za wabunge hazikuguswa, kwa sababu posho si ya kuishi, ni ya heshima. Niliisikia taarifa redioni, nikiwa nimesimama wima kwa sababu wimbo wa taifa ulikuwa umeshapigwa. Mke wangu akaizima redio, akaingia ndani.

Siku ya tatu nikatumwa na barua kwa Bi Siwatu. Nyumbani tulikuwa tumelala na uji usio na sukari, na asubuhi uji wenyewe haukuwepo. Nilipovuka barabara nilikuta foleni ndefu kuliko siku zote, maana habari ya andazi la bure ilikuwa imefika mpaka wilaya za jirani. Lakini karai halikuwa jikoni. Lori la mkaa lilikuwa limesimama kando ya kibanda, na Bi Siwatu anampa dereva mabenchi apakie.

Nikamwamkia, nikamsomea barua yote, kwa sauti, kama inavyotakiwa. Ilisema kuwa kwa mujibu wa mkataba, kifungu cha kumi na nne, ataendelea kukaanga maandazi mia mbili kila siku na kuyatoa bure kwa muda wa miaka thelathini, yeye na warithi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa karatasi kifuani, akanipa nisome na mimi.

Ilikuwa ya Idara ya Leseni, imepigwa muhuri mkubwa kuliko wangu. Ilisema kwamba imethibitika mbele ya mashahidi, wakiwemo mawaziri kumi na moja, kuwa mwenye kibanda hiki ametoa bidhaa bila malipo, jambo ambalo si biashara. Kwa hiyo, kwa mujibu wa masharti yaliyo nyuma ya leseni, leseni yake imefutwa na hakuna sheria ya biashara inayomhusu tena. Niliisoma mara mbili. Hakuna mahali ilipokosewa, hata nukta. Miaka saba ya kifungo haikuwa yake tena, wala maandazi mia mbili, wala mimi.

"Ndiyo unakwenda kwa dada?" nikamuuliza.

"Nakwenda."

Alikuwa na kapu dogo la safari limefunikwa kitambaa, na harufu ilikuwa inatoka. Nikatoa shilingi mia tatu, bei ya mtaa wa nyuma, pesa zangu za mwisho, nikamwomba aniuzie moja tu.

"Siuzi, bwana karani. Sina leseni."

"Basi nipe bure, Bi Siwatu. Ndiyo bei ya taifa."

"Bei ya taifa kawaulize waliokula," akasema. Hakusema kwa ukali. Akapanda mbele karibu na dereva, akaliweka kapu mapajani, lori likaondoka.

Nilipogeuka, watu wote wa foleni walikuwa wananitazama. Mwanamke mmoja wa mbele aliniuliza maandazi yanaanza saa ngapi. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba hali ya uchumi ni nzuri kuliko wakati wowote, kama tulivyoelekezwa kuwaeleza wananchi. Badala yake nikamwambia kwamba hata mimi nina njaa.

Mzee mmoja mwenye bakora alinikagua kuanzia viatu mpaka tai, akanionyesha kwa kidole mwisho wa foleni, kule ilikozunguka ukuta wa Idara. Akasema wenzangu walikuja tangu alfajiri. Nikaenda nikapanga foleni.